Shati la Shukrani

Janice alikuwa amefika kwapani. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umebanwa kwa pini begani, naye alikuwa akiupitisha chini ya sindano taratibu, kisha mguu wake ukaenda mbio kwenye pedali bila yeye kutaka, cherehani ikanguruma, uzi ukakatika.

"Hiyo mashine ina homa," Lenox akasema kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Mashine haina neno. Uzi ndio mbovu."

"Jana nayo ulisema uzi. Juzi ilikuwa sindano."

Janice alilamba ncha ya uzi, akafinya jicho, akautunga upya. Kitambaa kilikuwa kitenge cha buluu nzito chenye maua ya manjano, kilichochaguliwa na akina mama wa kanisa. Gauni lake mwenyewe lilikwisha mapema, lilikuwa limetundikwa msumarini. Lililobaki ni shati la mumewe. Lilikuwa limemshinda wiki nzima, yeye ambaye alishonea watoto wengi wa Mtopanga sare za shule.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yao. Katika kanisa lao mtu aliyetendewa jambo na Mungu hashukuru akiwa amekaa. Husimama na watu wake, wote wamevaa kitambaa kimoja, wakaingia wakicheza kutoka mlangoni hadi mbele, wamebeba mchele na kuku na mikungu ya ndizi. Kisha mwenye shukrani hushika kipaza sauti na kusimulia. Na masimulizi hayo yana njia yake inayojulikana: kwanza shimo, halafu maombi, halafu kutoka shimoni. Tangu Janice aanze kuabudu pale hakuwahi kumsikia mtu akisimama mbele kusema kwamba bado yumo shimoni.

Lenox alikuwa akiendesha foko, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja kule Changamwe. Wakati wa mvua za mwaka jana kiharusi kilimwangusha upande wa kushoto. Mdomo ulirudi mahali pake, na ulimi ukarudi na mizaha yake yote. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa fimbo. Mkono haukurudi. Ulikaa pajani, vidole vimejikunja, kama kitu alichopewa amshikie mtu.

"Hebu njoo tujaribu," Janice alisema, akakata uzi kwa meno.

Alijua namna ya kumvisha. Mkono mgonjwa hutangulia, mzima hufuata. Aliuchukua ule mkono wa kushoto, akauelekeza kwenye kitambaa. Vidole vikanasa kwenye kikwapa. Akavinyoosha kimoja kimoja, vikajikunja tena. Akasukuma.

"Taratibu, mama. Huo ni mkono, si mto unaotiwa foronya."

"Ulegeze."

"Ningeweza kuulegeza tusingekuwa hapa."

"Jumapili utaingia," Janice alisema. "Utaingia kwa jina la Yesu."

Lenox aliangalia sakafu. Janice alilivua shati kichwani pake kwa haraka mno, kola ikamkwangua sikio, naye hakulalamika.

Kulikuwa na njia nyingine ya kulishona shati lile, na Janice aliijua. Ungeacha bega wazi, kuanzia shingoni mpaka kwenye kiganja, ukaweka vifungo mstari mzima, mgonjwa akavishwa kama anayefunikwa shuka. Aliwahi kumshonea hivyo mama mmoja wa Bombolulu. Lakini hilo lilikuwa vazi la mgonjwa, na Lenox alikuwa ametangazwa kwamba amepona. Watu walikuwa wamemwona. Yaani, Mama Kahaso alikuwa amemwona, na Janice pia.

Ilikuwa Jumapili moja alasiri, kanisa lilipokuja nyumbani kuwaombea. Chumba kilijaa mpaka wengine wakabaki uani. Mchungaji Kefa aliweka mikono kichwani pa Lenox, watu wakafumba macho, maombi yakaenda marefu. Janice alikuwa amefumba macho kama wenzake, ila aliyafumbua kidogo kutazama kama chai inachemka. Ndipo akauona ule mkono wa kushoto ukinyanyuka. Ulitoka pajani wenyewe, ukapanda mpaka kifuani, vidole vikafunguka, na kinywa cha Lenox kilikuwa wazi kama mtu anayemlilia Mungu. Mama Kahaso, kiongozi wa akina mama, alikuwa amepiga magoti mbele yake. Naye aliona. Alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Watu walipofumbua macho mkono ulikuwa umekwisha kurudi pajani, lakini nani angekaa kimya? Walilia, wakaruka, wakakumbatiana. Mchungaji alisema huo ni mwanzo, Mungu akianza humaliza. Kesho yake kitenge kilikuwa kimenunuliwa.

Tangu hapo Janice hakupata kutulia. Kila asubuhi alisimama mbele ya mumewe, akauamuru mkono uinuke. Haukuinuka. Akaanza kujitafuta mwenyewe. Labda imani yake ilikuwa na tundu mahali. Alifunga kula. Alitubu kila alichokumbuka, hata maneno aliyowahi kumsema mwalimu wa kwaya kuhusu viatu vyake. Akipiga magoti alihisi miguu inamwasha, akasimama, akachukua ufagio. Nyumba ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa, na ndani yake hapakuwa na mtu anayeomba.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, Bi Zubeida. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeijia dera yangu. Usinambie bado."

Bi Zubeida alikaa nyumba ya pili. Watu wake walikuwa wa Mvita tangu enzi, na duka la nguo la familia yake bado lipo mjini, ila yeye alihamia huku Kisauni kufuata hewa, au hivyo alivyodai. Alikaa kwenye stuli bila kungoja kukaribishwa, akajipepea kwa upindo wa mtandio.

"Na Baba Ruwa yuwaonaje hali?" Ruwa alikuwa binti yao, aliyeolewa Taveta.

"Alhamdulillahi," Lenox alisema, na Bi Zubeida akacheka, maana kila siku alimjibu hivyo kumfurahisha.

"Utasilimu wewe siku moja, mwenyewe huna habari."

"Nikisilimu nani atavaa hili shati?"

Janice alikuwa ameinamia meza, pini zimejaa mdomoni, akitafuta pindo la dera. Mchana ulikuwa mzito. Hata pazia la mlangoni halikutikisika. Lenox aligeuza uso upande wa ukuta, kama alivyozoea siku hizo, lakini fimbo yake ilianguka, akageuka kuitazama, na mwayo ukamkuta njiani. Kinywa kikafunguka chote. Na mkono wa kushoto ukatoka pajani, ukapanda, ukapanda mpaka kifuani, vidole vikatanuka, ukabaki hewani mpaka mwayo ulipokwisha. Kisha ukashuka.

"Tizama!" Bi Zubeida alisema huku akicheka. "Wallahi, kama marehemu baba yangu! Akipiga miayo tu, mkono ule uliokufa wapanda kama askari wa barabarani. Sisi watoto twamkalia pale mbele twangoja usingizi umshike apige miayo. Daktari akatwambia ni maradhi yaleyale, mkono wenyewe hauna nguvu, ni mwayo ndio wauvuta."

Janice alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini. Hakumtazama mtu.

Bi Zubeida aliacha kujipepea. Alikuwa jirani, na vigelegele vya siku ile alivisikia vyema. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi mambo ya dini yenu sikutia neno. Nimesema ya baba yangu."

"Najua, Bi Zubeida."

"Dera nitaijia kesho, inshallah. Haina haraka."

Alipokwenda, redio ya jirani wa nyuma ikasikika.

"Ulijua?" Janice aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile." Lenox alifuta paji la uso kwa mkono mzima. "Kulikuwa na joto, na zile dawa zinalaza. Mchungaji alikuwa amefika kwa wana wa Israeli, na walikuwa bado hawajavuka bahari. Nikapiga mwayo. Nilidhani nitakemewa. Badala yake nikasikia vigelegele."

Kicheko kilimponyoka Janice, kibaya, kikatoka pamoja na machozi ya hasira. "Usinichekeshe! Usithubutu! Kwa nini hukusema?"

"Jioni ile uliimba."

"Niliimba nini?"

"Sijui ni wimbo gani. Ulikuwa unaosha masufuria. Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu nianguke. Nikasema, nitamwambia kesho. Kesho yake wakaja na kitambaa."

"Na mimi kila asubuhi nasimama hapa nakuamuru uinue mkono!"

"Na mimi kila asubuhi nilikuwa najaribu," Lenox alisema.

Hakulisema kwa kulaumu. Alilisema kama mtu anayeeleza alichofanya kazini. Janice alitoka nje kwa sababu hakuweza kubaki mle ndani.

Uani alisimama kati ya kamba za nguo. Aliuona uso wa Lenox wa asubuhi zile, ule aliokuwa akiutazama bila kuuona: jasho kwenye mdomo wa juu, shingo imekaza. Alikuwa amedhani ule ni uso wa mtu asiyeamini. Alimwonea hasira kwa hilo, akazificha hasira zake ndani ya maombi, akayaomba kwa sauti.

Alitaka kuomba sasa. Maneno yaliyomjia yalikuwa yaleyale, ya kuamuru na kudai na kutangaza, na yote akayaacha. Alishika kamba. Akaachia. Akaanua nguo ambazo hazijakauka, akazianika tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida ambayo mtu angedhani anazungumza na jirani:

"Bwana, mkono wa Lenox haujapona."

Alingoja. Alitazamia kuogopa, na kweli aliogopa. Hapakutokea kitu. Amani waliyoisimulia watu kwenye shukrani zao haikumshukia. Ila alihisi kama mtu aliye kwenye simu ambayo upande wa pili haujasema neno, na bado haijakatika. Akaongeza, "Nami nimechoka. Na sijui unataka nini kwetu." Hilo nalo lilisikika. Hakuweza kueleza alijuaje.

Alikuwa bado amesimama pale aliposikia wimbo ukija kwenye njia ya mbele. Alimjua mwimbaji kabla hajamwona.

"Tumekuja kupanga mwingio!" Mama Kahaso alisema akivua viatu mlangoni, mwili mkubwa, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Mchungaji Kefa alikuwa nyuma yake, mwembamba, amekumbatia Biblia. "Vijana wa ngoma nimewaambia. Baba Ruwa atatangulia, sisi nyuma. Na akifika pale katikati, ainue mkono! Ainue, kanisa lote lione! Mchungaji, si atainua?"

"Mama Kahaso," Janice alisema, "kaa kwanza."

"Nikae nini, kuna mambo mengi."

"Mkono haujapona."

Mama Kahaso alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi. "Niliuona kwa macho yangu."

"Uliuona. Hata mimi niliuona. Ulipanda. Ni mwayo ndio uliupandisha, si zaidi. Akipiga mwayo unapanda, ukiisha unashuka. Umepanda leo hapa, mbele ya jirani."

"Mwayo?" Alimgeukia Lenox. "Mwayo, Baba Ruwa?"

"Nisamehe, mama. Ulikuwa mkubwa."

Mama Kahaso hakucheka. Alikaa kwenye stuli kwa uzito, na uso wake ukaanza kubadilika kidogo kidogo. "Nimelisema kanisani. Nimelisema kwenye vikundi. Dada yangu wa Kaloleni ana mtoto mwenye kifafa. Nilimpigia simu usiku uleule. Anamleta Jumapili. Ameshaacha kumpeleka hospitali, anangoja Jumapili." Alimtazama Janice. "Sasa mimi ni mwongo?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini?"

Mchungaji Kefa aliweka Biblia mezani juu ya vipande vya kitenge, akaiondoa, akaishika tena.

"Mtu anaweza kusimama akasema kwa imani," alisema hatimaye. "Kuyataja yasiyokuwapo kana kwamba yapo. Maandiko yanaruhusu. Wala si uongo. Tumealika makanisa mengine. Watu waliokuwa wamekata tamaa wamerudi ibadani kwa ajili ya jambo hili. Nawaona. Siwezi kuwapuuza."

"Mchungaji, nimesema kwa imani kila asubuhi mpaka nikamtesa mgonjwa," Janice alisema. "Sitamlaumu mtu. Mimi ndiye niliyelia kwa nguvu kuliko wote siku ile. Lakini Jumapili nikisimama nitasema kweli. Kama kweli haina nafasi pale mbele, sitasimama. Na huyo mtoto arudi hospitali leo, si Jumatatu."

"Hilo la mtoto, ndiyo," Mchungaji alisema haraka. "Mama Kahaso, mpigie dada yako. Dawa ziendelee." Alikuwa kijana kuliko wote mle ndani, na ghafla alionekana hivyo. "Siku ile macho yangu yalikuwa yamefumba," alisema. "Sikuona kitu. Nilisikia vigelegele, nikapaza sauti. Nilikuwa nimeomba sana kanisa hili lione jambo. Lolote."

"Mimi nina shukrani," Lenox alisema. Wote wakamgeukia. "Si ya mkono. Ninazo nyingine, nikipewa nafasi nitazitaja. Ila nisiingie nikicheza. Mguu huu ukicheza mtaniokota."

Mchungaji Kefa alimwangalia, karibu atabasamu, akashindwa. "Sijui shukrani ya namna hiyo inaendeshwaje," alisema. "Sijawahi kuiona. Lakini njooni. Mama Ruwa, nitakupa kipaza sauti, nami nitasimama karibu. Wakinuna, watatununia sote."

Mama Kahaso alikuwa akivaa viatu. Maji aliyowekewa hakuyagusa. Mlangoni alisimama, mgongo umewaelekea.

"Nimwambie nini dada yangu?"

"Mwambie aje hata hivyo," Janice alisema. "Asije kwa ajili ya mkono."

"Aje kwa ajili ya nini basi?"

Mama Kahaso alingoja muda wa kutosha mtu kujibu. Kisha akaenda, akiwa tayari ameshika simu sikioni, na safari hii hakuimba.

Walipobaki wawili, Janice hakupumzika. Alichukua wembe, akaligeuza shati, akaanza kufumua mshono wa bega aliokuwa ameushona mchana ule. Uzi ulitoka kwa vipande vidogo vidogo vyeusi vilivyomng'ang'ania vidoleni. Alifumua mpaka shingoni, kisha akaulaza mkono wa shati mezani, akaupasua kwa mkasi kutoka juu mpaka chini.

"Watu wataona," Lenox alisema.

"Waone."

"Vifungo vyenyewe vitakuwa vingi hivyo?"

"Vingi. Vya kubana. Hapa ninavyo vichache tu, vingine nitavitafuta sokoni Kongowea asubuhi."

Alianza kukunja ukingo wa kwanza. Mguu ulikwenda sawa kwa kitambo, halafu ukasita, halafu ukakimbia. Kichwani mwake alikuwa tayari amesimama mbele ya watu. Bwana asifiwe, alisema, nao wakaitikia. Mimi naitwa Janice, mume wangu ni Lenox, mnatujua. Akaishia hapo. Alirudi mwanzo, Bwana asifiwe, akaishia palepale. Alimwona dada yake Mama Kahaso ameketi nyuma na mtoto mapajani, anamkodolea macho, anangoja. Amwambie nini? Kwamba aliomba akanyimwa? Kwamba akaomba tena, uani, maneno machache, na hakupewa chochote, na bado angependa kurudi pale uani kesho aseme mengine? Hilo lingemsaidia nani?

"Utasema nini?" Lenox aliuliza, kana kwamba alikuwa akisikiliza.

"Sijui. Nimefika kwenye majina yetu."

"Si mbaya. Majina hatujayakosea."

Adhana ya magharibi ilianza, msikiti mmoja kisha mwingine, na mwanga wa mlangoni ukawa haufai tena kwa kitambaa chenye giza. Ukingo mmoja ulikuwa umekunjwa. Wa pili ulikuwa bado na nyuzi zinazoning'inia. Janice aliukaribia kwa macho, akakanyaga pedali kidogo, akaona mshono umeanza kwenda upande. Akaacha. Aliacha sindano imezama kwenye kitambaa ili kisisogee, akafunika cherehani kwa kanga, shati likabaki limening'inia nusu ndani na nusu nje.

"Kesho," alisema, akaenda kutafuta kiberiti awashe jiko, na hata huko jikoni midomo yake ilikuwa ikijaribu sentensi inayofuata majina.